Mbio Kubwa Kuliko Zote Duniani, na Mimi Niliyepangiwa Kuzipinga

Sogeeni karibu, maana nitasema taratibu. Masikio ya nchi hii hayalali. Nchi yenyewe siitaji. Ukiitambua, hiyo ni juu yako. Mimi sikukutajia, na wakikuuliza useme hivyohivyo.

Katika nchi hiyo tuna kila kitu. Tuna bendera, tuna wimbo, tuna bunge lenye viti vya kuzunguka. Tena tuna mbio za magari zilizo kubwa kuliko zote duniani. Msidhani najisifia. Jambo hilo lilipitishwa bungeni, wabunge wote wakiwa wamesimama, na aliyechelewa kusimama hakuwahi kukaa tena.

Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo mambo ya wakubwa mengine yananipita. Nauza mkaa. Wananiita Baba Tunu, kwa jina la binti yangu anayefua mashuka katika hospitali ya wilaya. Mama yake Tunu, marehemu Siwema, alifariki siku ya Mbio Kuu. Wakubwa walituma rambirambi, wakasema amekufa akishangilia. Nitafika huko.

Mbio zenyewe zilianza hivi. Rais wetu, ambaye siku hizi cheo chake ni Dereva Mkuu, alikwenda ziara Ulaya. Wenyeji wake wakampeleka kutazama magari yakishindana. Aliporudi hakugusa chakula. Akawaita mawaziri, akawauliza, "Ni mbio zipi za magari zilizo kubwa kuliko zote duniani?"

Waziri wa Barabara, mtu aliyesoma sana, akanyoosha kidole kama mwanafunzi. "Mheshimiwa, ni zile za Ufaransa, za Le Mans. Wanakimbia mchana kutwa na usiku kucha."

Waziri wa Utamaduni akaona atapitwa. "Hapana, Mheshimiwa. Ni za Monako. Zinapita katikati ya mji, kwenye vichochoro, matajiri wanatazama wakiwa wamekaa kwenye boti zao."

Dereva Mkuu akawashukuru, akawatuma wote wawili wakazichunguze kwa karibu. Mpaka leo wanachunguza. Wake zao walishahamishwa kutoka kwenye nyumba za serikali.

Akabaki waziri wa tatu, Daktari Lwimbo. Huyu wanasema alikuwa anatetemeka mpaka miwani inagonga meza. Akasema, "Mheshimiwa, kubwa kuliko zote ni zile ambazo bado hujazianzisha." Kabla ya chai ya jioni alikuwa ameshakuwa Kamishna wa Mbio na Fikra Huru.

Basi zikaanzishwa. Mara moja kwa mwaka barabara kuu inafungwa tangu alfajiri mpaka jua lizame. Dereva Mkuu anaendesha mwenyewe na anashinda mwenyewe. Washindani wake hawatajwi, kwa kulinda heshima zao. Sisi wananchi tunapangwa kando ya barabara, uso ukutani, mgongo barabarani. Daktari Lwimbo alitueleza sababu redioni kwa sauti yake ile ya puani: "Ndugu wananchi, jicho lina uzito. Jicho moja ni jepesi, lakini macho ya taifa zima yakitua kwa pamoja juu ya gari lenye kasi ya namna ile, gari litapinduka. Mnataka lipinduke?" Hatukutaka.

Mahali pasipo na nyumba serikali ilijenga ukuta ili watu wapate pa kuangalia. Utaukuta porini, umesimama peke yake, hauzingiri kitu, ng'ombe wanajikuna hapo. Shule ya mtaani kwetu ina madarasa yasiyo na ukuta wa nyuma, mvua inaingia na mbuzi wanaingia, lakini barabara yetu ina kuta safi kabisa pande zote mbili.

Unasimama hapo tangu alfajiri. Hatimaye unasikia ngurumo inatoka mbali, inakuja, inakufikia, vumbi linakuingia shingoni, kipyenga kinalia, unapiga makofi. Ngurumo inapita. Kipyenga cha pili, unakwenda nyumbani kueleza jinsi zilivyokuwa nzuri. Ukigeuka, umeona, na kuona ni kosa. Ukisimuliwa na mtu aliyeona, ni kosa lilelile na adhabu ileile: unapelekwa kuzitazama kwa karibu. Hajarudi mtu kutuambia zinaonekanaje kwa karibu.

*

Mngedhani yamekwisha. Lakini Daktari Lwimbo alipata habari kwamba nchi zilizoendelea zina tabia ya kubishana. Ikatoka amri kila mtaa ubishane kwa uhuru kamili kabla ya Mbio Kuu. Mada: Ni mbio zipi za magari zilizo kubwa kuliko zote duniani? Jibu lililetwa pamoja na mada, kwenye gari moja.

Ugumu ulikuwa upande wa kupinga. Mdahalo hauwezi kuwa mdahalo bila mpinzani, kwa hiyo kila mtaa unatoa mtu mmoja, naye anatakiwa apinge kwa moyo wote. Akilegea, anahujumu mdahalo wa taifa. Akikaza, anahujumu mbio za taifa.

Mwaka wa kwanza alipinga Mapande, fundi cherehani. Akaongea vizuri tu, mtu mpole. Aliyeunga mkono ni Mwalimu Nyamizi, mkuu wa shule yetu, mama mwenye sauti ya kufukuza mwewe. Mwishoni Mwalimu Nyamizi akasimama, akamwuliza swali moja:

"Bwana Mapande, wewe umewahi kuziona mbio zetu?"

Mapande akajibu kama raia mwema. "Hapana, Mwalimu. Mimi huangalia ukuta."

"Basi unapinga kitu usichokijua! Huo ni uzushi!"

Wakamchukua. Mwaka uliofuata alipinga Chuwa, muuza samaki, akaulizwa swali lilelile. Chuwa alikuwa amemwona mwenzake anavyoondoka, kwa hiyo akajibu haraka, "Nimeziona, Mwalimu, nimeziona!"

"Kumbe uligeuka!"

Naye wakamchukua. Cherehani ya Mapande iko barazani kwake mpaka kesho, kitambaa kiko chini ya sindano. Hakuna anayethubutu kukitoa, asije akaonekana anajua kwamba mwenyewe harudi.

Sasa mwaka huu Mwenyekiti wetu wa mtaa, Bwana Kasembe, akaitisha mkutano. Mtu mnene, mwenye kicheko cha kuomba msamaha.

"Ndugu zangu, nani ana mawazo tofauti?"

Watu wote wakaangalia miguu yao. Sijawahi kuona watu wanapenda miguu yao namna ile.

"Baba Tunu."

"Naam, Mwenyekiti."

"Nimekufikiria sana wewe."

"Usijisumbue, Mwenyekiti. Una kazi nyingi."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Serikali yetu ina huruma," akasema Kasembe. "Haipendi kuacha wajane. Mapande aliacha mjane mmoja. Chuwa aliacha wawili, nao wanapiga kelele. Wewe mwenzetu Mungu amekurahisishia. Huna wa kumwacha."

"Nina binti."

"Binti ni mtu mzima, tena ameajiriwa na serikali. Serikali ndiyo baba yake."

Makofi. Jirani yangu Mama Ubwa, ambaye tangu nifiwe huniletea kibakuli cha mchuzi, alipiga makofi kuliko wote. Halafu akanitazama kwa macho ya mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake ndani ya msikiti.

Nilirudi nyumbani nimeshika ukuta.

*

Kwa kuwa mpinzani anatakiwa ajue anachokisema, niliazimwa redio kubwa ya kusikilizia nchi za nje. Ilikuja na mtu. Mtu mwenyewe huvaa sweta la sufu hata jua likiwaka, mimi namwita Bwana Sweta. Kazi yake ilikuwa kuniangalia ninavyosikiliza. Yeye mwenyewe haruhusiwi kusikia, kwa hiyo alikaa kwenye kigoda mlangoni kwangu, vidole masikioni, akinitazama mdomo.

"Baba," Tunu akanong'ona akiniwekea ugali, "si useme unaumwa?"

"Mwaka juzi yule wa mtaa wa pili alisema anaumwa. Wakambeba na kitanda chake."

"Sasa Mwalimu Nyamizi akikuuliza lile swali utajibu nini?"

Hilo ndilo lililokuwa limenikaba. Ndiyo, unakwenda. Hapana, unakwenda. Nililigeuza hilo swali kama mtu anayetafuta mlango kwenye pipa. Nikisikia pikipiki inasimama nje, mkojo unanibana. Mtu mzima, na mvi zangu.

"Utazimia," akasema Tunu. "Akisimama tu kuuliza, wewe anguka. Mtu aliyezimia hajibu."

Nikaona binti yangu ana akili kuliko baraza zima la mawaziri. Tukafanya mazoezi. Nikawa naanguka juu ya mkeka, Bwana Sweta ananitazama tu, vidole masikioni, labda alidhani ndivyo mbio za huko Ulaya zinavyoshangiliwa.

Lakini nilikuwa na hofu nyingine chini ya hiyo, na hiyo sikumwambia Tunu. Mapande alikuwa hajaona. Chuwa naye, naapa, hakuwa ameona, aliropoka tu maskini. Mimi niliona.

Siku ile Siwema aliamka pumzi hazimtoshi. Hospitali iko ng'ambo ya barabara kuu, lile jengo jeupe, ukisimama kwetu unaona mashuka yamening'inia. Nikampakia kwenye mkokoteni wangu wa mkaa, nikamtandikia kanga. Barabara imefungwa. Nikamwambia askari, "Afande, mgonjwa huyu. Tunavuka tu."

"Mpaka zipite."

"Zinapita saa ngapi?"

"Mzee, kasi haina saa. Mshushe, mgeuze ukutani kama wenzake."

Nikamshusha. Akaegemeza paji la uso ukutani, mimi nyuma yake nimemshika kwapani. Alikuwa anavuta hewa kama mtu anayenyonya mrija ulioziba. Akasema, "Baba Tunu, usinibane sana." Hayo ndiyo maneno yake. Jua likapanda. Watu wa kulia wanaangalia ukuta, watu wa kushoto wanaangalia ukuta. Nao si watu wabaya. Mbaya ni aliyewapanga.

Ngurumo ikaja. Vumbi. Kipyenga. Makofi.

"Huyo mama mbona hapigi makofi?" akauliza askari.

Nikaishika mikono yake, nikaipigisha makofi. Ilikuwa inakwenda ninakoipeleka, kama ya mtoto aliyelala. Hapo ndipo nilipojua. Askari alikuwa ameshageukia ukuta tena. Nikageuka.

Nilichokiona barabarani hamtakisikia kwangu. Nawaonea huruma. Nikiwasimulia, nanyi mmeona, na sijui mmeacha nani nyumbani.

*

Kumbe mwaka huu Daktari Lwimbo mwenyewe alichagua kuja kwenye mdahalo wa mtaa wetu. Ukumbi wa kata ukapakwa chokaa upande wa mbele tu. Pikapu la matangazo la Kamisheni ya Mbio likazunguka tangu asubuhi, spika juu, likiwaalika watu waje kwa hiari yao, na askari wakapita nyumba kwa nyumba kuhakikisha hiari hiyo.

Ukumbi ulijaa. Watu walikuwa kimya hivi kwamba ukijikuna, unasikika. Nilikaa kwenye kiti cha upande wa kupinga, peke yangu, jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi. Tunu alikuwa nyuma kabisa, karibu na dirisha, mikono imevimba kwa sabuni.

Daktari Lwimbo akasimama. Miwani, suti, kitambaa cha kufutia jasho.

"Katika dunia hii ya ushindani, yenye changamoto na fursa, na fursa zenye changamoto zake, taifa lisilokimbia limesimama, na lililosimama halikimbii! Sisi hatuogopi fikra. Tunazo fikra, tunazihifadhi vizuri." Makofi. "Tena mtaa huu umebarikiwa. Ni hapa hapa mama mmoja shujaa, marehemu Siwema, alikata roho akiishangilia Mbio Kuu. Mikono yake, ndugu zangu, ilipiga makofi mpaka pumzi ya mwisho! Serikali imeamua ule ukuta uitwe kwa jina lake."

Watu wakasimama kushangilia. Mimi nilishika kiti. Kama nisingekishika sijui ningefanya nini, na kwa kuwa mimi ni mwoga, nilikishika kwa mikono miwili.

Nikaitwa kupinga. Nikasimama, ulimi mzito kama kiatu kilicholowa.

"Waheshimiwa," nikasema, "huko Le Mans wanakimbia mchana na usiku, wakipokezana usukani."

"Usiku kucha?" Mwalimu Nyamizi akadakia. "Hao hawana kwao? Hawana wake?" Ukumbi ukacheka, kicheko cha kupangwa, kikaanza pamoja na kukoma pamoja.

"Kule Marekani, Indianapolisi, wanazunguka uwanja, wanazunguka, wanazunguka. Mshindi anapewa maziwa anywe."

"Maziwa! Mtu mzima na masharubu yake! Na huko kuzunguka palepale, hata mbuzi wangu aliyefungwa kamba anazunguka, Mzee!"

"Kenya kuna Safari Rali. Vumbi, matope, twiga anakatiza mbele ya gari."

"Twiga anaangalia mbio?" akauliza Daktari Lwimbo, akashtuka kweli. "Kwa macho?"

"Kwa macho, Mheshimiwa."

Akatikisa kichwa, akawasikitikia Wakenya.

"Tena kuna za jangwani, zinaitwa Dakari. Siku hizi zinaitwa Dakari lakini mjini Dakari hazifiki."

Hapo hakuna aliyecheka. Mbio zinazoitwa kitu ambacho hakipo. Mwenyekiti Kasembe akakohoa. Nikahisi nimekanyaga pabaya, nikasema haraka, "Ni hayo tu," nikakaa.

Mwalimu Nyamizi akajifunga kanga kiunoni. Fundo likamponyoka mikononi, akalifunga upya. Sikuwahi kuiangalia mikono yake kabla ya siku hiyo.

"Baba Tunu. Nakuuliza mbele ya umma. Wewe umewahi kuziona mbio zetu?"

Nikaanguka. Nilianguka vizuri kuliko kwenye mazoezi, nikagonga na kisogo. Nikalala, macho nimefumba.

"Kifungu cha kuzimia," sauti ya Daktari Lwimbo ikasema. "Kimeongezwa mwaka huu. Mwagieni."

Bwana Sweta akanimwagia ndoo. Ilikuwa tayari pembeni, kumbe. Wakaniinua, maji yananitoka masikioni, wakanishika kwapani nisije nikaanguka tena.

"Umewahi kuziona, au hukuwahi?" Mwalimu Nyamizi akarudia. Akapunguza sauti. "Jibu tu, shemeji. Jibu yaishe." Alikuwa akimwita Siwema dada.

Nisingependa mtu aseme nilikuwa jasiri. Meno yalikuwa yanagongana. Ila mtu ukishikwa kwapani na watu wawili huku huna pumzi, unakumbuka vitu.

"Nimeziona," nikasema. "Niligeuka. Mke wangu alikuwa ameshakufa, Mwalimu. Makofi yale niliyapiga mimi, kwa mikono yake. Kisha nikageuka, na barabarani nikaona—"

"Nyamaza!"

Aliyepiga kelele alikuwa Daktari Lwimbo. Alishatia vidole vyote masikioni, miwani imeanguka. "Asiseme! Mtu yeyote asimsikie! Atakayesikia ameona!"

Jamani. Ule ukumbi. Mwalimu Nyamizi akavuta mtandio masikioni, akaanza kuimba wimbo wa taifa kwa sauti yake ile ya kufukuza mwewe, na watu wote wakaudaka, kila mmoja na ubeti wake. Walionishika wakaniachia kama sufuria ya moto. Watu wakarukia madirishani. Mwenyekiti Kasembe, na unene wake, alikwama kidogo, wakamsukuma kwa nyuma. Bwana Sweta ndiye aliyenitia huruma. Kazi yake ya siku zote, kama mpelelezi, ni kusikia kila kitu, na sheria inamkataza kusikia, basi akasimama katikati ya ukumbi mkono mmoja sikioni, mwingine hewani, machozi yanamtoka, mpaka umati ukambeba.

Nikabaki peke yangu na viti. Nilikuwa nimeshafungua mdomo na neno lilishafika, kwa hiyo nikaviambia viti. Nikaviambia vyote, nikataja na jina la Siwema.

Kesho yake lori likaja kuvichukua. Wanasema vimechomwa moto nje ya mji.

*

Matokeo yakatangazwa na pikapu la matangazo: mtaa wetu umefanya mdahalo wa kihistoria, mpinzani ameshindwa kwa hoja.

Nikasubiri kuchukuliwa. Nilikaa kitandani nimevaa viatu. Wakaja askari, pamba masikioni, wakanitazama, wakatazamana. Shida ilikuwa gari. Nani akae na mimi nyuma? Dereva akakataa, akaonyesha kwa mikono kwamba ana watoto. Na huko ninakopelekwa nitalala na nani? Nikiota nikaropoka je? Mkubwa wao akafikiri sana. Mwisho akaniwekea kidole mdomoni mwangu, hivi, kama unavyomnyamazisha mtoto, wakaondoka.

Wakubwa wa nchi hii wanaogopa kuliko sisi. Nilikuwa sijui. Na ukijua hivyo huwi na amani, unazidi kutetemeka, maana mwoga mwenye bunduki anafyatua kwa kushtuka tu.

Hakuna aliyenisalimu tena. Wanunuzi wa mkaa walionyesha kwa vidole, wakakimbia na magunia. Tunu alikuwa ananiwekea chakula mlangoni na kuondoka, nami nilishukuru. Nilimwombea asinikaribie. Nilitaka abaki hana hatia, afue mashuka yake, azeeke.

Mchana mmoja akarudi mapema kutoka kazini. Akaingia moja kwa moja, akafunga dirisha, akaketi mkekani mbele yangu. Anafanana na mama yake akiwa na hasira.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Toka nje, mwanangu. Watasema nimekusimulia."

"Huna cha kunisimulia."

"Tunu, nakuomba."

"Siku ile nilikuwa getini hospitali. Nilijua mnakuja, muuza mkaa mwenzako alinipa habari kabla hawajafunga. Wakatupanga ukutani na sisi, upande wetu wa barabara. Ngurumo ilipofika nikajisemea, mama yangu yuko ng'ambo hapo, acha nimwone kidogo tu, halafu wanifanye wanavyotaka."

Nikamwinulia mkono anyamaze. Hakunyamaza. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini imenyooka.

"Barabara ilikuwa tupu, baba. Hakuna gari la mbio hata moja. Ni lile pikapu la matangazo, linakwenda polepole, spika zinanguruma, na nyuma yake wanaume wanaburuta matawi kutimua vumbi. Likapita. Nikakuona umempakata mama chini. Ungeweza kumvusha. Hata wakati linapita ungeweza kumvusha, lingewasubiri. Hapakuwa na kitu, baba. Kati yangu na ninyi hapakuwa na kitu chochote."

Kumbe siku ile mimi niliangalia barabara tu. Sikuinua macho kuangalia ng'ambo.

Nikataka kulia, nikataka kumkumbatia, na mwili ukakataa vyote viwili, kwa sababu masikio yalikuwa yameshaenda kwingine. Mama Ubwa alikuwa akitwanga mahindi uani kwake tangu nilipoamka, twa, twa, twa, ukuta wetu na wake ni mmoja, unatikisika na mchi wake. Tunu akavuta pumzi ili aendelee. Nikamrukia, nikamziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, mpaka nikayahisi meno yake. Tukabaki hivyo, binti yangu na mimi, macho yametutoka, tunaangaliana.

Ng'ambo ya ukuta, mchi ulikuwa umenyamaza.